Skrubu za Dirisha la Pili

Walinituma na bisibisi, mtaimbo mdogo
na karatasi ya kazi: "Kituo cha Alcorta Sur,
dirisha la pili. Ng'oa, ziba, paka rangi."
Saa mbili zinatosha, akasema msimamizi.
Ilikuwa Julai, Buenos Aires ina baridi ya kung'ata masikio,
na kule chini, relini, joto la watu na la breki.

Nimeng'oa mengi. Benki, duka la dawa,
kibanda cha magazeti ambacho mwenyewe alikaa pembeni
akinitazama kama ninayemvua maiti pete.
Kazi ni kazi. Nyumbani kwangu hatuli huruma.

Zulema Barrionuevo alikuwa ameondoka Ijumaa,
baada ya miaka thelathini na mmoja.
Aliacha mto wa kiti alioushona mwenyewe,
sindano moja ya kufumia,
kopo la sarafu za nchi zisizo zetu,
na karatasi iliyogandishwa kwenye kioo, upande wa ndani,
wasikoweza kuisoma walio nje:

"Bwana wa miwani minene: mhesabie chenji kwa sauti.
Wanafunzi viziwi, saa saba: waone midomo yako, usigeuke.
Mama wa Jumatano: usimuulize habari za mwanawe."

Na ubao wa kaunta. Sarafu zimepita pale pale, pale pale,
hata mti mgumu ukakubali, ukabonyea
kama shavu la mtu asiye na meno.
Nikapitisha kidole.
Haba na haba hujaza kibaba;
hapa haba na haba ilikuwa imechimba kibaba chenyewe.

Nilikuwa nimetoa skrubu tatu
bibi mmoja aliposimama mbele yangu.
"Hospitali ya watoto, nishuke wapi?"
Mimi fundi tu, mama.
"Naona. Lakini una uso."

Mashine mpya zilikuwa ukutani, zinameta,
zinasema karibu kwa lugha nne.
Nikamwelekeza: vituo vitatu, badilisha, kisha viwili.
Nikamwandikia nyuma ya kipande cha msasa.

Nilipoinua kichwa palikuwa na foleni.

Sijui foleni hutoka wapi. Mtu akimwona mtu
nyuma ya dirisha, miguu hujipanga yenyewe.
Kijana ambaye kadi yake imemezwa.
Mwanamke anayetaka tu kujua kama ni leo au kesho
ndiyo wanagoma.
Kisha bwana wa miwani minene (nikamjua!)
akaniwekea noti kiganjani, akasubiri.
Sina tiketi, nikamwambia. Humu nina bisibisi.
"Basi nisindikize kwenye hiyo mashine,
unisomee inasemaje."
Nikamsomea. Chagua. Thibitisha. Subiri.
Chenji ilipoanguka nikaihesabu kwa sauti,
na sauti ikatetemeka kidogo. Tuseme ni baridi.

Sisemi mashine ni mbaya. Mke wangu anazipenda,
hazimkati jicho. Mimi mwenyewe nimewahi
kufungiwa pazia usoni saa sita kasoro dakika moja,
karani anatafuna mkate, ananitazama.
Wala sikuja kumtetea mtu. Nililipwa kuziba.

Nikaziba. Saa tisa ubao mweupe ulikuwa mahali pake,
laini, hata ukucha haukwami.
Mama wa Jumatano akapita,
au mwanamke yeyote, maana ilikuwa Jumatano.
Akapunguza mwendo, akaweka kiganja juu ya rangi mbichi,
akakitazama, akaenda zake na weupe mkononi.
Nilipaswa kupaka tena pale.
Sikupaka.

Ubao wa kaunta nilipaswa kuutupa. Uko kwetu, karibu na mlango;
ukiweka funguo, zinateleza zenyewe mpaka bondeni.

Na pale pa kueleza kwa nini saa mbili zimekuwa saba
niliandika: skrubu zilikuwa na kutu.